Utafiti wa Maji na Kipindupindu Uvira

Utafiti wa maji na kipindupindu Uvira, mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni uchunguzi wa Chuo cha Afya na Tiba ya Kitropiki cha London pamoja na wataalamu wa Kongo, uliolinganisha uzalishaji wa maji wa REGIDESO, shirika la maji la taifa, na idadi ya walioshukiwa kuugua kipindupindu waliolazwa mwaka 2009 hadi 2014. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa 2015, siku moja bila maji ya bomba ilifuatwa na ongezeko la takribani 155% la walioshukiwa kuugua katika siku 12, ikilinganishwa na baada ya siku ya maji tele. Yawezekana kudai kwamba wachotaji maji wa ziwani walilijua hilo tangu zamani. Lakini hawakuwa na kipimo cha kuwaonyesha wafadhili. Hoja nzito zaidi ni kwamba takwimu hazilazi mabomba: ukarabati wa mtandao wa maji wa Uvira ulitegemea fedha za nje, zikiwemo za Ufaransa, na chuo hichohicho kikautathmini.