COBOL: Lugha ya Wazee Iliyogoma Kufa

Mdau, kabla hujachagua lugha ya kompyuta ya kukupa ajira, cheki hii. COBOL ilibuniwa Marekani mwaka 1959 kwa mahesabu ya ofisi. Vijana wakaicheka, eti ya kizee. Mabenki na serikali hawakuiacha, maana kubadili mfumo unaobeba pesa za watu si mchezo. Aprili 2020, corona imewaacha watu bila kazi, maombi ya mafao yamefurika, gavana wa New Jersey akaomba hadharani wajuzi wa COBOL wajitolee. Kilichodharauliwa kikawa lulu! ActionScript ya Flash, iliyotamba sana, Adobe wakaacha kuihudumia Flash Desemba hiyohiyo. Kwa hiyo usiulize ipi inavuma, uliza nani hawezi kuishi bila hiyo. Wewe unasomea ipi?