Soko inahama, kaye inabaki kwa nani?

Ndugu wahitimu, na ninyi wadogo zetu mungali mukibanana kwenye viti vya auditwari, leo nawaandikia juu ya samaki. Musicheke. Sisi tuliosoma historia tunapenda kuandika juu ya wafalme na mikataba, lakini hii iliniingia kwa mlango wa jikoni.

Mama-mukubwa wangu anauza sambaza hapa Bagira tangu mimi niko mutoto. Anaamka usiku, anashuka ziwani, anangoja mitumbwi. Munajua vile wavuvi wetu wanafanya: mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu uko chini, taa juu ya maji. Sambaza wanafuata mwangaza, na mwezi ukiwa mpevu hakuna kazi. Asubuhi anachukua basini moja au mbili bila kulipa, anapanda nazo Bagira, anapima kwa kopo. Bamama wa kartie nao wanachukua bila kulipa, mpaka bwana apate mushahara, kama atapata. Yote inaandikwa mu kaye moja yenye kufungwa na kamba, na hapendi mutu aifungue. Tangu benki zifunge milango hapa Bukavu mwanzoni mwa 2025, ile kaye pamoja na likirimba yao ndiyo benki anayoijua.

Siku moja redio ilikuwa inazungumza juu ya masoko ya kisasa: saruji, vyumba vya baridi, maji ya bomba. Nikamuambia, kwa ile sauti yetu ya watu wa diploma, kwamba hayo njo maendeleo. Hakubisha. Aliendelea kuchambua sambaza zake, kisha akaniuliza: «Sawa, soko mupya ni muzuri. Lakini ile soko itajua nani iko na deni yangu?»

Sikuwa na jibu. Nikaenda kulitafuta mahali ninapojua kutafuta, mu vitabu. Mji ambao umehamisha soko lake la samaki la kando ya maji mbele ya macho ya dunia nzima ni Tokyo, kwa hiyo naanzia huko, ijapokuwa ni mbali. Baadaye nitarudi Dar es Salaam, ambako ni karibu na sisi, na mutaona kwamba kuna kamba inayounganisha miji hiyo miwili.

Mwanzoni mwa karne ya 17 Tokugawa Ieyasu, mtawala mpya wa Japani, alikaa Edo, ndiyo Tokyo ya leo. Aliwaita wavuvi kutoka upande wa Osaka waje kuilisha ngome yake. Ngome ikishapata fungu lake, samaki waliobaki waliuzwa karibu na daraja la Nihonbashi, na hapo soko likazaliwa. Lilikaa miaka 300 hivi. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko la Kanto na moto uliofuata vikalimaliza. Wenye mji walikuwa wamechoka na harufu na msongamano wake katikati ya maduka makubwa, wakasema hatulirudishi pale. Soko likapelekwa Tsukiji, na majengo yake yakafunguliwa rasmi mwaka 1935. Tsukiji maana yake ni ardhi iliyotengenezwa: ni mahali pa maji palipojazwa udongo baada ya moto mkubwa wa 1657.

Tusimame hapo kidogo. Lile soko la Tsukiji ambalo mwaka 2018 watu waliliaga kwa machozi wakiliita la asili, lilikuwa nalo limeshakuwa soko jipya, la serikali, la zege, na watu wa Nihonbashi walilinung'unikia. Kila soko la zamani lilikuwa soko jipya la mutu fulani.

Jengo la Tsukiji lilikuwa limepindika kama robo ya duara. Watalii walidhani ni urembo. Hapana, ni treni. Mwaka 1935 samaki wengi walifika kwa reli, na mabehewa marefu hayawezi kukata kona kali, basi jengo likafuata reli. Baadaye malori yakachukua kazi ya treni, na ule mupindo ukabaki bila sababu: vibanda vingine viko mahali pazuri ambapo wateja wanapita, vingine viko kwenye pembe ambayo mbwa tu anaijua. Wachuuzi walifanya nini? Walipiga kura. Kila baada ya miaka kadhaa vibanda viligawanywa upya, ili aliyekaa pabaya leo akae pazuri kesho. Nilipenda sana habari hii. Makosa ya jengo yalirekebishwa na makubaliano ya watu, na hayo makubaliano huwezi kuyaona kwenye ramani ya injinia.

Halafu kuna kitu kingine. Ndani ya kibanda cha Tsukiji mwanaume anakata samaki, na kando yake kuna kijisanduku cha mbao, kadogo kabisa, ambamo mara nyingi anakaa mwanamke, mke wake au dada yake, na daftari. Yeye njo anayejua mpishi gani analipa mwisho wa mwezi, na gani anasema kesho, kesho. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikacheka peke yangu. Kaye ya mama-mukubwa iko mpaka Japani!

Mwaka 2001 serikali ya mji iliamua kuhamishia soko Toyosu, kilomita mbili hivi kutoka pale. Toyosu palikuwa na kiwanda cha gesi, na udongo ulikutwa na sumu, benzini kati yake. Wakaahidi kuusafisha na kumwaga udongo safi juu yake. Uhamisho ulipangwa Novemba 2016. Agosti ya mwaka huo gavana mpya, Koike Yuriko, akausimamisha, na Septemba ikajulikana kwamba chini ya majengo makubwa ule udongo safi haukumwagwa kabisa. Palikuwa na vyumba vitupu vyenye maji. Wake wa wachuuzi, wale wa daftari, waliunda kikundi chao kupinga kuhama. Hawakushinda. Tsukiji ilifungwa tarehe 6 Oktoba 2018 na Toyosu ikafunguliwa tarehe 11. Wachuuzi wa kati wapatao 500 walihama. Wengine, wazee wasio na mutoto wa kurithi kibanda, walifunga biashara palepale, kwa sababu kuanza upya kunadai friji mupya, mkopo mupya, na miaka ambayo hawakuwa nayo. (Kitu kilichoogopesha majirani zaidi ni panya. Maelfu ya panya wa Tsukiji, nao walikuwa wanatafuta pa kuhamia.)

Je, Toyosu ni soko baya? Siwezi kusema hivyo. Ni hekta 40 hivi mahali pa 23, limefungwa pande zote, baridi inashikwa, nzi hawaingii. Januari 2019, katika mnada wa kwanza wa mwaka, jodari mmoja wa kilo 278 alinunuliwa kwa yeni milioni 333.6. Mu gazeti ni habari tamu. Lakini mama-mukubwa aliponisikia akauliza paka hivi: «Huyo aliyenunua, alilipa palepale?»

Sasa ile kamba. Katika miaka hiyohiyo ambayo Tokyo ilikuwa inaamua kuhama, serikali ya Japani ilitoa msaada wa kujenga soko jipya la samaki Dar es Salaam, palepale ufukweni Kivukoni, karibu na pantoni ya Kigamboni. Lilifunguliwa mwaka 2002. Unguja pia, kule Malindi, soko na diko jipya la samaki vimejengwa kwa msaada wa Japani. Dar hawakuwahamisha watu mbali na maji, na hiyo naona ilikuwa busara kubwa kuliko zege lenyewe: mashua zinafika palepale, na watu wanaendelea kuliita Feri kama zamani. Ndani waligawa kazi kwa sehemu: huku mnada, huku kuparua, huku makarai makubwa ya kukaangia, huku mama lishe. Mtu aliyechora aliwakumbuka wakaangaji, si wavuvi na matajiri peke yao. Lakini mji ukakua kuliko jengo, na biashara ikamwagika nje ya kuta. Na ile biashara ya mali kauli, yaani chukua sasa utalipa baadaye, haikupewa chumba chake. Ilijitafutia.

Turudi ku Kivu. Kuna jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa: sambaza si wa ziwa letu. Ziwa Kivu halikuwa na samaki wa kula vile vijidudu vya maji ya katikati, na Wabelgiji walimleta kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960, mwishoni kabisa mwa ukoloni. Yaani Bagira, ambayo wakoloni waliijenga kama makao ya wafanyakazi, ni mukubwa kwa sambaza. Kila kitu tunachokiita desturi ya sambaza, mitumbwi mitatu, taa, kopo, mikopo ya alfajiri, kimejengwa na watu katika muda wa maisha ya bibi mumoja. Ile mikopo ya alfajiri, hakuna injinia aliyeichora.

Kwa hiyo mimi sipingi saruji. Nani anapenda kuuza samaki mu matope? Lakini siku watu watakuja na karatasi kuhesabu wauzaji wa kando ya ziwa, pale Beach Muhanzi au huku kwetu, watahesabu meza. Mwenye meza atapewa meza. Mama-mukubwa hana meza. Ana basini, kopo, na kaye.

Basi nikamuomba aniruhusu niinakili ile kaye, angalau ukurasa mumoja, kusudi kuwe na alama ya namna soko hii inatembea. Alikataa siku tatu. Ya ine akanifungulia ukurasa mumoja tu, akiuweka kidole juu ili nisigeuze. Hakuna jina hata moja la kitambulisho. Kuna «mama wa mulango bleu». Kuna «ule wa moto nyekundu, kopo mbili, aliacha simu». Kuna alama ambazo ni misalaba na vifundo, na yeye peke yake anazisoma. Nikashuka kwa kidole mpaka mustari wa tano: «Mutoto wa inivasite, kopo ine, tangu Pasaka.»

Ni mimi.