Nani Aamue Sadaka Iende Wapi?



Ndugu wapendwa, wiki hii tutafakari swali linaloisumbua kila kamati ya matendo ya huruma: mahitaji ni mengi, fedha ni chache, nani apewe, na nani aamue?

Kanisa la mwanzo lilikutana na swali hili mapema. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika mgawo wa kila siku, yakazuka manung'uniko (Mdo 6:1-6). Mitume hawakuwakemea walionung'unika. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema na hekima, wasimamie huduma ile. Ukarimu pekee haukutosha. Ulihitaji waamuzi waaminifu.

Historia ya Marekani yatuonyesha jambo hilo hilo. Mwaka 1851 alifariki Bryan Mullanphy, Mkatoliki aliyepata kuwa meya wa St. Louis na mmoja wa waanzilishi wa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo nchini mwake. Aliusia theluthi ya mali yake iwasaidie wasafiri maskini waliopitia St. Louis kwenda kufanya makao Magharibi. Nia ilikuwa njema. Lakini wasafiri wa namna hiyo walipopungua, fedha zilibaki zimefungwa na maneno ya wosia, ilhali maskini wa aina nyingine walikuwapo mlangoni.

Hatari hiyo ya marehemu kuendelea kuwaamulia walio hai ndiyo aliyotaka kuiepuka Frederick Goff, mwanasheria na mkuu wa benki moja ya Cleveland. Mwaka 1914 alianzisha Cleveland Foundation, mfuko wa hisani wa wakazi wa jiji zima. Benki ilitunza fedha. Mgawo uliamuliwa na kamati ya watu watano. Wawili waliteuliwa na benki, na mmoja mmoja na meya, jaji wa mirathi na jaji wa mahakama ya shirikisho. Walitakiwa kuyajua mahitaji ya jiji. Wasizidi wawili wa dhehebu moja, na mwenye cheo cha siasa au anayekitafuta hakuruhusiwa. Kusudi la mtoaji likipitwa na wakati, kamati iliweza kulibadili. Tena, mfuko ulitangulia kuchunguza hali ya jiji, zikiwamo shule zake, mwaka 1915 na 1916.

Wapendwa, nasi katika jumuiya zetu ndogo ndogo tunachangia wagonjwa, yatima na wajane. Tujiulize: anayetunza fedha ndiye pia anayegawa peke yake? Tumefika nyumbani kwa mhitaji, au tumesikia tu habari zake? Je, yuko mjane tunayempita kwa sababu hana ndugu katika kamati?

Sadaka ikishatolewa altareni si yetu tena. Ni ya Mungu, naye amewakabidhi maskini wake. Anayeigawa kwa upendeleo humnyang'anya maskini haki yake.

Roho Mtakatifu atujalie hekima ya wale saba. Mungu awabariki nyote.