Kutoka Kisomo hadi Simu Janja: Wazee wa Bonde la Kilombero

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Wizara ya Fedha ilikuwa imejaribu kuendesha hesabu zake kwa mashine hizo tangu miaka ya 1960, mambo yakaharibika, na serikali ikaona heri kufunga mlango. Katika miaka ileile, serikali hiyohiyo ilifungua mlango mwingine mpana zaidi: iliwaita watu wazima, wakulima kwa wavuvi, waje darasani kujifunza kusoma na kuandika. Nayataja mawili haya pamoja kwa sababu wazee wa leo wa Bonde la Kilombero walipitia maamuzi yote mawili. Tunaposema kwamba uzee ndio unaowashinda mbele ya simu janja, tunausingizia umri jambo lililofanywa na historia.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikadiriwa kuwa asilimia 67. Jaribio la taifa la 1975 likaonyesha asilimia 39, na la 1986 asilimia 9.6. Takwimu hii ya mwisho mimi naitilia shaka, kwani msomaji mpya asiye na gazeti wala kitabu kijijini hadumu kuwa msomaji. Lakini jambo lenyewe lilitokea. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, kusoma na kujadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Aliyekuwa na miaka 25 wakati huo alizaliwa 1948. Ndiye huyu ambaye leo tunasema hafundishiki.

Ndugu msomaji, kwa Kilombero darasa lile lilikuwa na maana ya ziada. Bonde hili ni la Wandamba wavuvi, Wapogoro, Wabena, Wambunga na Wahehe. Mashamba na kiwanda cha sukari upande wa Kidatu viliwaleta vibarua kutoka mikoa mingi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ikapita Ifakara na Mlimba na kuacha watu kila kituo. Baadaye wakaja wafugaji wa Kisukuma, Kimasai na Kibarbaig pamoja na ng'ombe wao, na mwaka 2012 operesheni ya kuondoa mifugo bondeni ikaacha makovu baina ya majirani. Watu wa asili mbalimbali kiasi hiki hukutana sokoni, msibani na kwenye ibada. Darasa la kisomo liliongeza mahali pengine: benchi moja ambapo wote walikuwa hawajui kwa kiwango kilekile.

Na faida yake haikuwa herufi tu. Kabla ya kisomo, mama aliyeletewa barua na mwanawe aliye Dar es Salaam ilimpasa amtafute mtu wa kumsomea. Msomaji yule ndiye aliyejua kwanza kama kuna pesa, kama kuna ugonjwa, kama mkwe amekimbia. Kujua kusoma kulimrudishia mama huyo siri zake, na ukizungumza na wazee wa enzi hizo, hilo ndilo wanalolikumbuka kwa fahari kuliko mbolea na vyoo.

Leo msomaji wa barua amerudi, naye ni mjukuu. Ndiye anayefungua ujumbe, ndiye anayejua namba ya siri, ndiye anayesema salio ni kiasi gani. Mara nyingi ni mwaminifu. Hata hivyo mzee aliyewahi kujikomboa kutoka mikononi mwa msomaji wa barua anajua vema amerudishwa wapi, na unyonge huo haupimwi kwa kipimo cha presha.

Utafiti wa nje unatutahadharisha tusidhani kifaa pekee ni dawa. Kule Maastricht, Uholanzi, watafiti waliwapa wazee kompyuta na intaneti nyumbani, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 hayakuonyesha nafuu wala madhara katika hali yao ya moyo. Hapa kwetu, Ifakara ilikuwa mojawapo ya maeneo manane ya Afrika na Asia yaliyochunguza afya na ubora wa maisha ya watu wa miaka 50 na kuendelea mnamo 2006 na 2007. Wanawake walieleza hali mbaya zaidi kuliko wanaume. Hao ndio ambao wengi wao hawakufika shule, na ndio wanaobaki na wajukuu watoto wao wakienda mijini.

Kwa hiyo mafunzo yakija bondeni, nayapendelea yafanane na kisomo: kikundi, mchana baada ya shamba, mwalimu anayejulikana kijijini. Lakini kisomo kilikuwa na upungufu wake, nao tusiurithi. Kilifundisha kwa Kiswahili peke yake, na bibi wa Kisukuma aliyekuja bondeni akiwa mtu mzima huenda anakisikia Kiswahili lakini huzuni yake haisemi kwa lugha hiyo. Simu inaruhusu ujumbe wa sauti. Anaweza kumtumia dada yake aliyeko Shinyanga salamu kwa Kisukuma chake, bila herufi hata moja, na akajibiwa vivyo hivyo. Ningeanzia hapo, kisha nifuatie na namba ya siri.

Wanafunzi wangu huniuliza nani atalipia. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ipo kwa sheria tangu 1975, na madarasa ya shule za msingi hubaki matupu saa kumi jioni. Wakati huo huo, kwenye kibanda cha wakala, mzee anataja namba yake ya siri kwa sauti, mbele ya foleni nzima.