Gakaara na Vitabu vya Nyimbo

Reli inayotoka Nairobi kupitia Ruiru na Thika inaendelea hadi Murang'a, Sagana na Karatina. Huko Karatina ndiko Gakaara wa Wanjau alikoendeshea kazi yake ya uchapishaji baada ya uhuru. Kijana wa mtaa wa Kiandutu, Thika, anayesikiliza nyimbo za Kikuyu kwenye simu yake anafaa kulijua jina hilo.

Alichapisha nyimbo za siasa, ila wimbo wa siasa haukuanza naye. Mwaka 1929, wamisheni walipokazana kukomesha tohara ya wasichana, wimbo wa Muthirigu ulienea Ukikuyu wote, ukiwakejeli wamisheni na machifu kwa majina yao. Serikali iliupiga marufuku mwaka 1930. Lakini Muthirigu ulipita mdomo kwa mdomo. Gakaara, aliyezaliwa mwaka 1921, akafukuzwa shule ya Alliance baada ya mgomo wa wanafunzi, kisha akawa askari, alitumia karatasi.

Mwaka 1952 vilitoka vijitabu vya nyimbo vya bei ndogo, vya kutiwa mfukoni. Gakaara alikuwa mmoja wa wachapishaji. Mtunzi mmojawapo alikuwa Kinuthia wa Mugia, mtu wa Olenguruone. Wakulima wa huko walikataa masharti ya serikali kuhusu ardhi, wakala kiapo, wakafukuzwa, na wengi wakahamishiwa Yatta, mashariki ya Thika. Dhiki yao ikawa nyimbo.

Maneno yalikuwa ya ardhi na uhuru, ila sauti zilikuwa za tenzi za kanisani. Mzungu aliyepita karibu na mkutano alisikia watu wanaimba kwa utulivu, akadhani ni ibada. Louis Leakey, msomi wa upande wa serikali aliyekijua Kikuyu tangu utotoni, alilieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1954: alitambua kwamba nyimbo hizo zilieneza siasa kuliko hotuba. Adui alizithamini mapema kuliko wasomi wetu.

Usiku wa Oktoba 20, 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, Gakaara alikamatwa. Akapitishwa Kajiado, kisiwa cha Manda kando ya Lamu, Athi River na Hola. Humo kambini aliandika shajara na kuificha.

Italia nako nyimbo za namna hii zilikuja kuthaminiwa, ila kwa njia nyingine. Miaka kumi baadaye, mwaka 1962, Roberto Leydi na Gianni Bosio walianzisha huko Milano jarida la Il Nuovo Canzoniere Italiano, la kukusanya nyimbo za wakulima na vibarua wa Italia. Mwaka 1964 kundi lao liliimba jukwaani Spoleto, na wimbo mmoja wa kuwalaani maofisa wa vita ukazua fujo ukumbini. Waitalia wale walikuwa wakifufua nyimbo za zamani. Gakaara na wenzake walichapisha wimbo ungali moto, na wakalipia kwa kifungo.

Gakaara aliporudi kutoka kizuizini alitoa jarida la Gĩkũyũ na Mũmbi, lenye visa vya Wa-Nduuta vilivyopendwa sana. Shajara yake ilipata Tuzo ya Noma ya uchapishaji barani Afrika mwaka 1984. Hatari haikuwaishia waliozishughulikia nyimbo zile: Maina wa Kinyatti, aliyetoa mkusanyo wa nyimbo hizo mwaka 1980, alikamatwa mwaka 1982 akafungwa miaka sita. Gakaara naye alikamatwa tena mwaka 1986, ingawa Kenya ilikuwa huru.

Alifariki mwaka 2001. Basi msomaji, kama nyumbani kwenu kuna kijitabu cha zamani cha nyimbo, usikubali kurasa zake zifungiwe sukari. Na kama nyanya yako bado anazikumbuka, mrekodi wiki hii.