Hofu inayoingia kwa pua: panya, ndovu wa Shimba Hills na uzio wa pilipili

Panya aliyezaliwa na kulelewa ndani ya maabara, asiyewahi kuona mnyama mla nyama, akinusa harufu ya mbweha huganda pale alipo. Hakufundishwa na mtu. Hofu hiyo amezaliwa nayo. Ndovu anayetoka msitu wa Shimba Hills usiku kutafuta mahindi mashambani Lukore au Mkongani naye huongozwa na pua, lakini mengi anayoyaogopa ameyajua kwa kufikwa nayo au kwa kuwafuata wakubwa wake. Kwa mkulima wa Kwale, tofauti hiyo inahusu chakula cha mwaka mzima, na mara nyingine uhai wake.

Njia ya harufu mwilini

Chembe za harufu zikiingia puani hugusa neva zilizo juu ndani ya pua. Ujumbe wa macho na masikio hupitia kwanza kituo cha katikati ya ubongo kiitwacho thalamasi. Ujumbe wa harufu una njia ya mkato: hufika upesi kwenye amigdala, sehemu ndogo yenye umbo la lozi inayopima hatari. Kutoka hapo amri hushuka mwilini. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, sukari huongezeka katika damu, na misuli hujiandaa kukimbia au kupigana.

Mwaka 2004, Linda Buck na Richard Axel wa Marekani walipata Tuzo ya Nobel kwa kugundua jeni zinazouwezesha mwili kutambua harufu. Utafiti uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kuwa ndovu wa Afrika ana karibu jeni 2,000 za aina hiyo, takriban mara mbili ya mbwa na mara tano ya binadamu.

Hofu ya kuzaliwa nayo

Mwaka 2007, watafiti wa Japani walitengeneza panya wasio na neva za sehemu ya juu ya pua. Panya hao waliweza kunusa harufu ya mbweha, hata kufundishwa kuiogopa, lakini bila mafunzo hawakuonyesha hofu yoyote. Kumbe hofu ya asili ina njia yake, na hofu ya kujifunza ina yake. Mwaka 2021, watafiti wa nchi hiyo walionyesha kuwa harufu za jamii hiyo hushusha joto la mwili wa panya, hupunguza mapigo ya moyo na kumsaidia kustahimili uhaba wa oksijeni. Yaani mwili hujiandaa kunusurika kabla ya jino kumgusa.

Hofu ya kujifunza

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndovu wa Amboseli wanaujua msemo huo kwa vitendo. Katika utafiti wa Lucy Bates na wenzake uliochapishwa mwaka 2007, ndovu waliwekewa nguo zilizovaliwa na wanaume wa Kimaasai, na nyingine zilizovaliwa na Wakamba. Waliponusa za Wamaasai, ambao vijana wao huwachoma ndovu mikuki, walikimbia mbali zaidi na kujificha kwenye nyasi ndefu. Nguo za Wakamba, ambao wengi wao ni wakulima, hazikuwatia hofu kiasi hicho.

Pilipili na nyuki

Kamba zilizopakwa pilipili ya kusaga na oili chafu hufanya kazi kwa njia nyingine. Kinachowasha ndani ya pilipili, kapsaisini, huamsha neva za maumivu puani na machoni. Huo ni mwasho tu. Ndovu akigundua kwamba nyuma ya mwasho hakuna hatari, na mbele kuna mahindi, anaweza kuvumilia. Mvua nayo huosha kamba.

Nyuki ni hatari ya kweli, kwa sababu huuma ndani ya mkonga na pembeni mwa macho. Huko Sagalla, Taita Taveta, utafiti wa Lucy King na wenzake ulionyesha kuwa kati ya 2014 na 2020 uzio wa mizinga ulizuia hadi asilimia 86 ya ndovu katika misimu ya mazao. Lakini ukame ulipofukuza nyuki, uzio ulipungukiwa na nguvu. Mzinga mtupu hautishi kwa muda mrefu.

Mkulima afanye nini

Anayetegemea pilipili aipake upya baada ya kila mvua na asiitumie peke yake. Mwenye mizinga ahakikishe nyuki wana maji na maua. Upepo pia ukumbukwe. Wakati wa kusi, upepo huvuma kutoka baharini kuelekea bara, na mashamba yaliyo kati ya pwani na vilima hupeleka harufu ya mahindi yanayoiva upande wa msitu. Ulinzi uwe tayari kabla ya mahindi kukomaa, wala si baada ya ndovu kuonja.

Ndovu akishaingia shambani, usimkaribie wala kumkimbiza gizani. Kaa mbali, waonye majirani na uwapigie simu maafisa wa KWS. Adrenalini inayokusukuma umfukuze ndiyo hiyo hiyo iliyomo ndani yake, na yeye ana uzito wa tani kadhaa.