Siri ya Mgonjwa na Kalamu ya Mganga

Tangu zamani za Wayunani waganga huapa kwamba yale wanayoyaona na kuyasikia katika nyumba za wagonjwa, yasiyofaa kutangazwa, watayafunga moyoni. Eklezya nayo, katika Mtaguso wa Laterani wa mwaka 1215, iliagiza kwamba padri atakayefunua dhambi aliyoungamiwa aondolewe katika kazi ya upadri, tena afungiwe katika monasteri kali, afanye kitubio maisha yake yote. Kwa maana nani atafungua moyo wake, akijua kwamba maneno yatatoka nje?

Mwishoni mwa karne ya 19 yalizuka matibabu mapya katika mji wa Vienna, inchi ya Austria. Mgonjwa asema yote yanayomjia moyoni, na mganga amsikiliza. Matibabu hayo yaitwa saikoanalisi, na mwanzilishi wake ni Sigmund Freud. Hapo shida ikaanza. Mganga wa mifupa aweza kuandika habari za mguu uliovunjika, wala hakuna atakayejua ni mguu wa nani. Lakini huyu wa moyo ataandika nini, kama si siri zenyewe: ugomvi wa nyumbani, mapendo, aibu, ndoto? Naye asipoandika, waganga wengine watajifunza wapi?

Mwaka 1900 Freud alimtibu msichana mmoja kwa muda wa wiki 11, mpaka msichana mwenyewe akaacha. Januari 1901 akaandika habari zake, lakini hakuzichapisha ila mwaka 1905. Alimwita Dora, akaficha majina, akazitoa katika gazeti la waganga tu. Hata hivyo hakumwomba ruhusa. Alieleza wazi kwamba kuwaomba wagonjwa ruhusa ya namna hiyo ni kazi bure. Alijua pia kwamba msichana akiyasoma maandiko hayo ataumia. Aliona kwamba ana deni kwa wote wanaougua ugonjwa ule ule, si kwa mmoja tu.

Je, jina la kubuni latosha? Tutazame habari nyingine. Mganga Josef Breuer alimtibu mwanamke kijana toka 1880 mpaka 1882. Katika kitabu alichotoa pamoja na Freud mwaka 1895, aliitwa Anna O. Lakini mwaka 1953 Ernest Jones, akiandika maisha ya Freud, alitangaza kwamba huyo ndiye Bertha Pappenheim. Mama huyu alikuwa mtu wa heshima: mwaka 1904 aliunda chama cha wanawake Wayahudi wa Ujerumani, na mwaka 1907 akafungua nyumba ya kuwatunza wasichana na watoto wasio na msaada. Alikuwa amefariki mwaka 1936. Hakuweza tena kukubali wala kukataa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Waganga wa siku hizi wana njia mbili kubwa: kubadili habari za mgonjwa asitambulikane, au kumwomba ruhusa. Lakini ukibadili mno, wenzako wajifunza uwongo. Ukibadili kidogo, jirani amtambua. Na mgonjwa anayemtegemea mganga wake, je, ana uhuru kweli wa kusema hapana? Mwaka 2000 mganga Glen Gabbard wa Marekani alionyesha kwamba kila njia ina hatari yake, na kwamba yafaa kupima kila habari peke yake. Tena sasa kuna intaneti: gazeti la waganga laweza kufika mikononi mwa mgonjwa mwenyewe.

Wasomaji wapenzi, shauri hili latuhusu sisi pia. Muuguzi, mwalimu, katekista, na wazee wanaopatanisha watu wa ndoa, wote huwekewa siri. Mara nyingine twaitoa kuwa mfano katika mkutano, twasema: «Sitaji jina.» Kumbe kijiji kizima kimekwisha kuelewa. Basi, kabla ya kusimulia, tujiulize: mwenye habari hii angekuwa amekaa hapa kati yetu, ningeisema? Kama sivyo, tutafute mfano mwingine. Kweli tunayotaka kuifundisha haitapotea kwa kumwachia mwenzetu heshima yake.